Chuo cha Akiba

Bi Kijakazi anasema alikuwepo. Anasema Ijumaa ile alikuwa amekaa kwenye benchi la stashenari ya Ignasi, anasubiri kopi ya kitambulisho chake, ndipo Mangi Onesphory akaingia, shati limemganda mgongoni kwa jasho, simu kaikamata kwa mikono miwili kama mtu aliyekamata kuku wa kuiba.

"Hakusalimia mtu," anasema Bi Kijakazi. "Mnavyomjua yule baba na salamu zake, habari za watoto, habari za nyumbani, mpaka unachoka kuitikia. Siku ile kimya. Kaiweka simu mbele ya uso, tena kichwa chini kwa hasira alizokuwa nazo, akasoma namba moja moja kwa mdomo wake mwenyewe. Nne. Saba. Saba. Mpaka zikaisha. Ignasi akamuuliza, mzee, tunathibitisha chuo kipi? Akasema, cha hapa hapa mjini. Ignasi akabonyeza. Basi! Mtoto wa watu kachinjwa kwa kidole kimoja, na kisu hakuna."

Alikuwa anaisimulia uwani, jambo lilipokwisha kufumuka, vitumbua vinaiva kwenye karai, na kila alipofika pale pa kisu aliinua kijiti chake cha kugeuzia. Wapangaji wenzake waliguna, wakasema makubwa. Candida, mke wa huyo huyo Onesphory, alikuwa bombani anasugua sufuria, karibu kiasi cha kurushiwa moshi. Na Bi Kijakazi hakuwa mtu wa kupunguza sauti eti kwa sababu mwenye habari yuko jirani.

"Mama Jovi, nasema uongo?"

"Wewe ndiye uliyekuwepo, dada."

"Mmesikia? Mwenye mume kakiri."

Bi Kijakazi hakuwa mwongo. Alichokiona alikiona. Onesphory aliingia kweli, alitaja namba kweli, na simu ilikuwa kichwa chini kweli. Asichokijua ni kwamba haikuwa hasira. Onesphory hakujua simu imekaaje, kwa sababu alikuwa haoni kilichoandikwa humo. Namba zile alizishika kichwani, na aliyemsomea, akamrudishia na kumrudishia mpaka akazishika, ni Candida. Candida alilijua hilo, na kwa kuwa maneno ya jirani yalikuwa yanamfunika, aliyaacha yalivyo. Akageuza sufuria, akaanza kusugua upande uliokwisha takata.

* * *

Duka lao lilikuwa la vitenge, mlango mmoja mwembamba, katika mtaa wa Kariakoo ambao kila mlango ni vitenge. Onesphory aliketi ndani kwenye meza, na macho yake yalikuwa yanazimika kuanzia pembeni kuja katikati. Hospitali waliiita presha ya macho. Walimpa dawa ya matone, wakamwambia kilichokwenda hakirudi, tunalinda kilichobaki. Kilichobaki nacho kikawa kinakwenda. Sasa alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na tundu lenyewe lina ukungu. Waliolijua hilo ni yeye, mkewe, na binti yao Jovitha, ambaye Mungu aliwapa huyo huyo mmoja.

Dukani Jovitha ndiye aliyekuwa macho yake. Tangu amalize kidato cha sita alikuwa na namna yake ya kukaribisha wateja ambayo mtaa mzima uliichukulia kuwa ucheshi. Mteja akikanyaga tu mlangoni, yeye alishapaza sauti: "Karibu mama, hicho kilemba cha njano kimekutoa!" Au: "Braza, na huo mkoba wote, umetoka Lubumbashi leo leo?" Hapo Onesphory alishajua kaingia nani na kasimama wapi, akamgeukia, akamsalimia kama aliyemwona. Kitambaa alikijua kwa kidole gumba. Noti alizijua kwa urefu, akizipimia kwenye kidole cha kati chini ya meza. Rangi ndizo zilizomshinda, na maandishi.

Ilibidi iwe siri kwa sababu ya mali kauli. Kariakoo mzigo mkubwa hauchukuliwi kwa fedha mkononi. Unachukuliwa kwa neno. Mzee Indravadan, mwenye ghala kule mtaa wa Gerezani, alikuwa akimpa Onesphory marobota bila karatasi. "Chukua Mangi, uza, lete." Onesphory akauza, akaleta, miaka nenda rudi, hajawahi kuitwa kwa deni. Mtu wa kauli hupewa mzigo kwa sababu anasimama mwenyewe, anaona mali yake inavyotoka na inavyoingia. Siku itakaposikika kwamba Mangi haoni, hakuna atakayemtukana. Watampa pole. Watamletea kiti na maji ya kunywa. Robota ndilo hataliona.

Candida alijaribu kushika nafasi ya binti yake, Jovitha alipokwenda Morogoro kuchukua cheti shuleni. Aliishia darasa la saba. Kiswahili alikisoma bila kusita, na namba pia. Lakini wateja wa Zambia walikuja na Kiingereza chao, na makaratasi ya mzigo yalikuja na Kiingereza chake. Akawa anacheka panapotakiwa jibu. Siku alipotoka kidogo kufuata chakula, akaingia kijana mmoja mwenye maneno laini, akachagua vitenge vya kutosha kujaza ule mfuko mkubwa wa shangazi kaja, akamsogezea Onesphory simu usoni.

"Mzee, meseji ya malipo hiyo. Umeiona?"

"Nimeiona, karibu tena."

Malipo hayakuwepo. Candida aliporudi aliikagua simu ya duka, akaikagua tena. Onesphory hakulaani mtu. Alikaa kwenye kiti chake mpaka muda wa kufunga, mikono juu ya meza kama wali umeondolewa mbele yake hajashiba.

"Unaona, Mama Jovi?" akasema. "Mtoto katoka kidogo tu."

* * *

Jovitha alikuwa ameomba ufamasia, chuo kimoja cha Dodoma. Hakubahatisha. Yeye ndiye aliyekuwa akimtia baba yake matone asubuhi na jioni, na kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambacho watu wote hukitupa, yeye alikisoma mpaka chini. Alimuuliza baba yake kama anasikia uchungu mdomoni baada ya matone, Onesphory akasema ndiyo, umejuaje? Akasema imeandikwa. Tangu siku hiyo hakutamani kitu kingine.

Siku ya kuomba, Onesphory alimwita kabla hajaenda kwa Ignasi.

"Weka na hicho cha biashara cha hapa mjini. Si wana masomo ya jioni?"

"Baba, mimi nimesoma sayansi. Biashara ya nini?"

"Kwani wanakataa wa sayansi? Weka tu. Gari halisafiri bila spea."

"Spea sawa. Ila nikipata Dodoma, naenda Dodoma."

"Nani kakataa? Nimesema cha akiba."

Akaweka, kumridhisha. Kwenye nafasi ya simu Ignasi alimwandikia namba ya duka, kwa kuwa simu yake Jovitha ilikuwa na kioo kilichopasuka, inawaka inapojisikia. Pasiwedi alibaki nayo Ignasi, kama alivyobaki na za wanafunzi wa mtaa mzima. Ndiye aliyewafungulia wote, na hakuna aliyeona ubaya. Nani atakumbuka madude yale?

Akapata vyote viwili. Mtaa ulimpokea kama bibi harusi. Wapiga debe walimpigia saluti. "Jovi, mambo! Daktari wetu!"

"Mfamasia, si daktari."

"Sisi tunachotaka dawa, nani anauliza cheo!"

Kilichobaki ni kitu kimoja. Aliyepata vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba kwenye simu, akaitumia kusema anakwenda wapi; nafasi anayoiacha anapewa mwingine. Jovitha akawa anaipita simu ya duka kila mara, anaibonyeza, anairudisha mezani.

* * *

Namba iliingia Ijumaa mchana. Jovitha alikuwa amepeleka vitenge kwa mteja Mchikichini. Candida alikuwa ameleta chakula, ndizi na nyama kwenye hotipoti, anapakua. Simu ikalia mlio wa meseji. Onesphory akaweka kijiko chini.

"Soma."

"Tule kwanza, Baba Jovi. Si wateja tu hao."

"Soma nisikie kama ni wateja."

Akasoma. Alisoma jina la binti yake lote, la kwanza, la kati, la mwisho, limeandikwa kwa herufi kubwa, na sauti ikamtetemeka kwa fahari kabla hajafika kwenye namba. Alipofika akaifunika simu kwa kiganja.

"Namba," akasema Onesphory.

"Ya mtoto hiyo."

"Candida." Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya tangu Jovitha azaliwe. "Mtoto akienda Dodoma, nani atamwona kijana mwingine kama yule akiingia hapa? Wewe? Siku ile si wewe uliyekuwa zamu? Chintan wa Mzee Indravadan ameanza kukaa ofisini kwa baba yake. Ameanza kuuliza maswali. Nikikosa mzigo miezi miwili, kodi ya mlango huu inalipwa na nani? Na huko Dodoma atakula nini? Au unadhani atakula hiyo meseji?"

"Tungemwambia tu ukweli, akaamua mwenyewe."

"Ukimwambia mtoto aamue, ataamua kubaki, halafu atakuchukia maisha yake yote kwamba alibaki kwa ajili yako. Akikuta imeshaamuliwa, atalia wiki moja. Atazoea. Mbona sisi tumezoea?"

Nje wabeba mizigo walikuwa wanapita na mikokoteni, wanapiga kelele njia, njia. Mchuzi wa ndizi ulikuwa unapoa, unaweka utando juu. Candida aliwaza kodi, akawaza matone, akawaza shemeji zake wa Rombo jinsi watakavyokaa kwenye kikao wakisema tulijua, mjini kumemshinda. Na chini ya hayo yote, mahali ambapo hata kwenye kitubio hakuwahi kupafikisha, aliwaza yeye na mume kipofu kwenye vyumba viwili, hawana mtu wa tatu.

"Nne," akasema.

"Nne."

"Saba."

"Saba."

"Saba tena."

Alimrudishia mpaka akazisema bila kukosea, kama anavyofundishwa mtoto wa komunyo. Kisha akamtoa hadi kizingitini, akamwelekeza bega, na Onesphory akaenda peke yake kwa Ignasi, mkono mmoja unagusa mageti ya maduka, njia aliyoijua kwa miguu. Candida alirudi ndani, akaifunika hotipoti. Hakuna aliyekula.

* * *

"Baba, meseji imekuja?"

"Bado."

"Wenzangu wote wameshapata."

"Mtandao huo, mama. Unajua mtandao wa hapa."

Jumamosi asubuhi jumuiya ilisali kwao. Majirani Wakatoliki wakajibana kwenye mikeka, na mwenyekiti akasema, leo tuna sala ya shukrani kwa ajili ya Jovitha wetu aliyechaguliwa ufamasia. Mama Jovi, wewe kama mzazi, tuongoze. Candida akasimama. Aliyaanza maneno, yakakatika, akayaanza tena. Watu wakadhani ni furaha. Mama mmoja alimpa leso. Jovitha, aliyekuwa amepiga magoti karibu na mlango, alimtazama mama yake kwa huruma, akamnong'oneza walipomaliza, "Usilie bwana, Dodoma si mbali, nitakuwa nakuja."

Jumatatu bado. Jumanne bado. Jumatano Jovitha hakuuliza. Alitoka dukani bila kuaga, akavuka barabara ya mwendokasi, akaenda kwa Ignasi amfungulie akaunti aone tatizo liko wapi.

Ignasi alifungua, akageuza kompyuta imwelekee. "Tatizo hakuna, dada. Ulishathibitisha. Biashara, jioni, hapa mjini."

"Mimi?"

"Si mzee alikuja? Nilimuuliza, mzee, huu ufamasia watu wanaulilia, unauacha? Akasema yeye ndiye mwenye laini, yeye ndiye mwenye mtoto." Ignasi alimwona usoni, akaanza kupanga karatasi zake zilizokwisha pangika. "Mimi nilijua mmekubaliana. Nyumbani kwenu mimi naingiaje?"

"Futa."

"Kufuta kulikuwa na siku zake. Jana ndiyo ilikuwa mwisho. Na mkopo unafuata ulikothibitisha, kwa hiyo... Labda uombe upya mwakani. Dada Jovi, kaa kwanza. Nikuletee maji?"

* * *

Jioni ile alirudi nyumbani akiwa amenawa uso. Alimkuta baba yake kitandani, kalala chali anasubiri matone kama kila siku, na mama yake anakata mchicha mlangoni. Hakupandisha sauti. Nyumba ile ukuta ni wa kila mtu.

"Baba, nani alikusomea?"

Onesphory hakujifanya hakuelewa. "Nilisoma mwenyewe. Siku nyingine macho yanatulia kidogo."

"Nimemuuliza Bi Kijakazi, aliyekuwa pale. Anasema simu ulikuwa umeishika kichwa chini."

Kisu cha Candida kikasimama kwenye mchicha. Jovitha akageuka, akamtazama.

"Mama."

"Kwanza ule, mwanangu. Umeshinda na njaa."

"Mama, ulimsomea wewe?"

"Ningefanyaje, Jovi? Ni baba yako. Aliniambia soma."

"Ungesema bado." Jovitha alisema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Ungemwambia meseji haijaja. Mbona mimi mliniambia bado siku zote hizo, na mlilisema vizuri tu?"

Candida aliokota jani la mchicha lililoanguka, akalipangusa.

"Usimlaumu mama yako," alisema Onesphory kutoka kitandani, macho yameelekea darini. "Mimi ndiye nilitaka. Chuo cha jioni si chuo? Mchana uko dukani, jioni uko darasani, digrii ni digrii. Na duka ni lako. Namwachia nani mwingine?"

"Duka gani, baba? Leo mimi ni macho yako. Ukiwa huoni hata huo mwanga uliobaki, Chintan naye atakuwa haoni? Mtaificha mpaka lini? Kamwambie Mzee Indravadan. Yule mzee ni mtu. Mwambie, ajiri msichana anayejua Kiingereza, mlipe, mimi niende zangu mwakani. Kamwambie tu."

"Nikimwambia leo, kesho mtaa mzima unanipokea kwa pole. Mimi sikuja Dar es Salaam kupewa pole."

"Na mimi nilizaliwa kupewa nini?"

Akachukua chupa ya matone kwenye dirisha, akainama, akamfungua baba yake jicho la kulia kwa kidole gumba kama kawaida, akadondosha, akamfungua la kushoto, akadondosha. Alifunga kizibo. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yanamdondokea Onesphory kwenye paji la uso, na Onesphory hakuyafuta, wala hakuuliza ni ya nini.

Candida akamaliza kukata mchicha. Siku ile ulikuwa na mchanga.

* * *

Tangu hapo Jovitha alikuja dukani asubuhi, akaondoka jioni, na kazi yake aliifanya yote. Alipanga, alipima, alirudisha chenji. Kitu kimoja ndicho alichokiacha. Mteja akiingia alisema, "Karibu." Basi. Hakusema kilemba, hakusema mkoba, hakusema mama wala braza.

Duka likamgeukia Onesphory. Alimsalimia "shikamoo mama" kijana mwenye sauti nyembamba, na kijana akacheka na wenzake mpaka barabarani. Alimwambia "karibu uketi" mtu aliyekwisha kuondoka. Alitaka kumsifia mteja mmoja rangi aliyochagua, akaitaja siyo, na yule mama akamtazama, akakitazama kitenge chake, akakirudisha mahali pake taratibu. Candida akawa anakuja mapema zaidi na hotipoti, anakaa zaidi, anajaribu kukohoa na kusema-sema, "huyo dada wa buluu huyo," lakini ilikuwa inatoka kama mtu anayeimba wimbo asioujua.

Usiku hawakulizungumza. Bi Kijakazi tu ndiye aliyezungumza, uwani. Safari hii anasema binti kakataa hata kula sahani moja na baba yake. Hilo halikuwa kweli. Alikula nao. Ndiyo maana lilikuwa zito.

Wiki ya pili, mchana, Chintan akaja. Alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa Mzee Indravadan, kijana nadhifu mwenye shati jeupe, aliyezaliwa Gerezani na kusomea mbali, Kiswahili chake cha mtaani kabisa. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Karibu," akasema Jovitha.

Onesphory akaelekeza uso mlangoni, akasubiri. Hakuna kilichofuata.

"Shikamoo, Mzee Mangi," akasema Chintan.

"Marahaba! Marahaba, Chintan, baba. Nilikuwa nakutazama tu nione kama utaniamkia." Alicheka peke yake. "Mzee hajambo?"

"Magoti tu. Anakusalimia sana." Chintan akamgeukia Candida, akamwamkia, kisha akaweka karatasi mezani. "Mzee wangu, nisikuchoshe. Haya mambo ya kauli tunayafunga. Baba alikuwa na zama zake, mimi mabenki wananiuliza mzigo uko kwa nani, nawajibu uko kwenye mdomo wa Mangi? Ni ukurasa mmoja tu. Majirani zako wote wameshasaini. Soma, ukiridhika weka jina lako, mzigo wa sikukuu unaanza kushuka kesho. Usiporidhika pia sawa, hatugombani."

"Niachie, nitaipitia jioni kwa utulivu."

"Hapana mzee, nakusubiri. Nina maduka mengine mbele."

Onesphory akaishika karatasi, akaisugua kwa kidole gumba kama kitambaa. "Sasa, miwani yangu nimeiacha nyumbani."

"Iko mfukoni mwako, mzee," alisema Chintan, kwa upole.

Akaitoa mfukoni mwa shati, akaivaa. Akaipandisha karatasi mbele ya uso, akatembeza kichwa kutoka kushoto kwenda kulia, akakirudisha, akakitembeza tena, kama anavyofanya mtu anayesoma. Candida akasimama nyuma yake, akainama juu ya bega lake. Herufi zote alizijua, moja moja. Zikikaa pamoja zilikuwa Kiingereza. Aliona namba tatu nne, akaona asilimia, hakujua ni asilimia ya nini, inatoka kwa nani kwenda kwa nani.

Jovitha alikuwa kwenye kona, anakunja vitenge vilivyofunguliwa na wateja wa asubuhi.

"Jovi," akasema Onesphory. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu asiye na haraka. "Hebu njoo mama, tusomee kwa sauti. Na mama yako naye asikie."

Jovitha alilinganisha pindo na pindo, akakunja.

"Jovi, baba anakuita," akasema Candida.

Chintan hakumtazama binti. Alikuwa anamtazama Onesphory, ile miwani, kile kichwa kinachotembea. Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake jeupe, akainyoosha taratibu ubavuni mwa Onesphory, karibu kabisa na mkono wake, bila kusema neno. Kalamu ikakaa hewani. Onesphory hakuipokea. Aliendelea kutembeza kichwa juu ya karatasi, anatabasamu kidogo.

Candida aliiona kalamu ile. Alitaka kuichukua yeye, na alijua kwamba akiichukua ndiyo atakuwa amesema kwamba mumewe haoni.

"Jovitha," akasema, na sauti yake haikuwa ya mama anayemtuma mtoto. "Mwanangu. Soma."

Jovitha alichukua kitenge kingine juu ya rundo, akakikung'uta mara moja, akaanza kutafuta pindo lake.